Gundi na Kiungwacho: Mazungumzo kwa Wanunuzi wa Vijisanamu vya Resini na Metali

Mada yetu ya leo huenda ikaonekana ndogo, kwa kuwa vitu tutakavyovizungumzia ni vidogo kweli. Ni vijisanamu vya kuunganishwa kwa mkono: askari, wapanda farasi, majoka na mashujaa wa hadithi, ambavyo vingi havifikii urefu wa kidole gumba. Huuzwa vikiwa vipande vipande ndani ya kisanduku, na mnunuzi mwenyewe ndiye anayevisafisha, anayeviunga na anayevipaka rangi. Wako wanaovikusanya ili kuvipanga kabatini, na wako wanaovitumia katika michezo ya vita inayochezwa mezani.

Lakini udogo wa kitu si udogo wa gharama, wala si udogo wa hatari. Mtu huweza kudunduliza fedha kwa miezi kadhaa ili anunue seti moja, kisha akaiharibu kwa jioni moja. Na ile chupa ndogo ya gundi iliyo mezani huweza kulifunga jicho la mtoto kwa sekunde chache. Kwa sababu hizo mbili, yaani mfuko na macho, tumeona inafaa tuzungumze nanyi.

Neno kuu tunalotaka mliondoke nalo ni hili: kabla ya kununua gundi, kijue kwanza kile unachotaka kukiunga. Mara nyingi kiungo hakiachii kwa sababu gundi ni dhaifu. Huachia kwa sababu gundi iliyotumika haikuwa yake, au kwa sababu uso wa kipande haukuandaliwa. Mlaji asiyelijua hilo hulaumu gundi, akanunua nyingine yenye bei kubwa zaidi, nayo ikamwangusha vilevile.

Vijisanamu hivi vimetoka wapi

Makao makubwa ya sanaa hii ni Uingereza. Huko, mwaka 1893, William Britain alianza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, waliokuwa wepesi na rahisi kuliko wale wa kujaa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha kitabu kiitwacho Little Wars, kilichoweka kanuni za kuwachezesha askari wa namna hiyo sakafuni. Mwaka 1975 kampuni ya Games Workshop ilianzishwa mjini London, na leo makao yake yako Nottingham, mji unaojulikana mno miongoni mwa wapenzi wa vijisanamu.

Historia hiyo ina mafunzo kwa mnunuzi. La kwanza ni kwamba vijisanamu vya metali vya zamani, hasa vile vya kabla ya miaka ya 1990, mara nyingi vina risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Anayevirithi au kuvinunua vikiwa vimekwisha tumika asivipige tupa ovyo, asimpe mtoto kuvichezea, na anawe mikono kila anapomaliza kuvishika. Vingi vya metali vinavyotengenezwa sasa ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati lisilo na risasi. La pili ni kwamba katika miaka iliyopita watengenezaji wameongeza maada nyingine, hata leo kijisanamu kimoja huweza kuwa na kiwiliwili cha metali, mabawa ya resini na kitako cha plastiki. Hapo ndipo matatizo ya gundi yanapoanzia.

Maada tatu na namna ya kuzitambua

Plastiki ngumu, ambayo kwa kawaida ni polistireni, huja ikiwa imeshikamana na fremu, na mnunuzi hukata kipande kimoja kimoja. Ni nyepesi, nayo hukatika kwa kisu bila taabu.

Resini ya vijisanamu aghalabu ni poliurethani. Hutengenezwa kwa kuchanganya vimiminika viwili na kuvimimina katika kalibu ya mpira, vikagandia humo. Ni nyepesi pia, lakini ni kavu na huvunjika ghafla. Mara nyingi hubakiwa na utando mwembamba kandokando na vishina mahali resini ilipoingilia. Uso wake huweza kuwa na utelezi, kwa sababu kalibu hupakwa dawa ya kuzuia resini isinate.

Metali haihitaji maelezo mengi. Mkono huhisi uzito wake na ubaridi wake mara moja.

Gundi tatu na kazi zake

Gundi ya kwanza ni ile ya plastiki. Kwa hakika gundi hii haibandiki, bali huyeyusha. Huulainisha uso wa polistireni wa pande zote mbili, pande hizo zikachanganyika, kisha kiyeyusho kikaruka hewani na kuacha kipande kimoja, mfano wa chuma kilicholehemiwa. Kwa plastiki hakuna iliyo bora kuliko hii. Lakini resini ya poliurethani na metali haziyeyuki kwa kiyeyusho hicho, kwa hiyo juu yake gundi hii ni kama maji: hukauka, na vipande vikabaki kila kimoja peke yake.

Gundi ya pili ni ile ambayo kila duka la mtaani linaijua kwa jina la supaglu. Jina lake la kikemia ni sianoakrileti. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake, watafiti wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea shabaha. Walichokipata kilinata kila kilipogusa, wakakiacha. Mwaka 1951 kilichunguzwa upya, na mwaka 1958 kikaingia sokoni kama gundi. Siri yake ni unyevu. Ule unyevunyevu mwembamba usioonekana, ulio juu ya karibu kila kitu, ndio unaoiamsha igande. Kwa sababu hiyo hushika resini, hushika metali, na hushika ngozi yetu upesi kuliko vyote. Kwa sababu hiyo pia wakazi wa pwani, penye hewa nzito yenye unyevu, huiona ikigandia ndani ya chupa mapema.

Gundi ya tatu ni epoksi, ambayo wengi wameizoea kwa jina la Araldite. Hii huja katika mirija miwili. Yaliyomo huchanganywa kwa kipimo kinachoelezwa na mtengenezaji, mara nyingi sawa kwa sawa, na hapo ndipo kugandama kunapoanza. Ziko zinazoshika kwa dakika 5, na ziko zinazohitaji saa kadhaa. Hata ile ya dakika 5 hufikia nguvu zake kamili baada ya muda mrefu, aghalabu saa 24. Ubora wake ni kwamba hujaza nafasi palipo na pengo na huvumilia kishindo kuliko supaglu. Kasoro yake ni kwamba ukikosea kipimo, huenda isikauke kabisa, ikabaki inanata siku nenda siku rudi.

Tulivyoshindwa mara mbili

Tulipokuwa tukiandaa mazungumzo haya, tulikaa mezani na joka moja lenye kiwiliwili cha metali na mabawa mawili ya resini. Kisandukuni hamkuwa na gundi, na hiyo ni kawaida ya bidhaa hizi.

Mara ya kwanza tulitumia gundi ya plastiki iliyokuwa karibu. Tulilishikilia bawa kwa dakika kumi. Tulipoliachia, likaanguka, na sehemu ya kuungia ilikuwa safi kana kwamba haijaguswa.

Mara ya pili tulitumia supaglu, na kwa kuwa tulikwisha shindwa, tuliimwaga kwa wingi. Bawa lilishika. Tulifurahi, tukaliacha joka limesimama usiku kucha. Asubuhi bawa lilikuwa chini tena, na pembeni mwa kiungo kulikuwa na ukungu mweupe uliolichafua joka zima. Tulikuwa tumefanya makosa mawili kwa pamoja. Kwanza, hatukuiosha resini, hivyo gundi ilishika ile dawa ya kalibu badala ya kulishika bawa lenyewe. Pili, supaglu hupata nguvu ikiwa utando mwembamba. Ikiwa nyingi huchelewa kugandama, hukosa uimara, na mvuke wake huanguka kandokando na kuacha ule ukungu.

Mara ya tatu tulifuata hatua tutakazowaeleza sasa, na joka lile lingali na mabawa yake.

Hatua za kazi

Kwanza, kagua. Kabla hujakata wala kupaka chochote, hesabu vipande vyote na uvilinganishe na picha. Kikikosekana kimoja au kikiwa na tundu la hewa au ufa, piga picha na umjulishe muuzaji. Ukikwisha kugundisha, dai lako hudhoofika, kwa sababu muuzaji atasema kasoro imetokana na mkono wako.

Pili, nyoosha. Kipande cha resini kilichopinda si lazima kiwe kibovu. Kitie katika maji ya moto kwa muda mfupi, kitoe kwa kibano, kinyooshe taratibu, kisha kitumbukize katika maji baridi ili kikae hivyo. Usikipinde kikiwa baridi, kitavunjika.

Tatu, osha. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Suuza, kisha acha vipande vikauke vizuri. Metali nayo ioshwe, kwani hubeba vumbi la kalibu na mafuta ya vidole.

Nne, kwaruza. Piga msasa laini au tupa ndogo pale tu vipande vinapokutana. Uso wenye mikwaruzo huipa gundi mahali pa kushikilia. Uso unaong'aa huinyima. Resini isuguliwe ikiwa na maji, na anayeisugua avae barakoa inayozuia vumbi laini, kwa kuwa vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lisipulizwe wala lisifagiliwe likiwa kavu.

Tano, jaribu bila gundi. Kutanisha vipande na uangalie kama vinakaa. Palipo na pengo, supaglu ya majimaji haitalijaza. Hapo ndipo mahali pa epoksi.

Sita, tia pini. Hili ndilo lililoliokoa joka letu. Supaglu hustahimili kuvutwa moja kwa moja, lakini ni dhaifu mbele ya kishindo na mbele ya uzito unaoning'inia upande. Kwa hiyo kipande kizito au kirefu hutobolewa tundu jembamba, kama milimita 1, kwa keekee ndogo ya mkono, na tundu jingine hutobolewa katika kipande cha pili. Ndani yake huingizwa kipande cha waya. Hata waya wa klipu ya karatasi hufaa. Ili matundu yakutane, tia nukta ya rangi mbichi kwenye tundu la kwanza, bana vipande pamoja kisha uvitenganishe: alama itakayobaki ndiyo mahali pa kutoboa. Pini hubeba uzito, na gundi ikabaki na kazi ya kushika tu.

Saba, gundisha kwa uchache. Tone moja dogo, lililowekwa kwa kijiti cha meno upande mmoja, latosha. Bana na utulie bila kutikisa. Ikiwa ni epoksi, changanya mpaka rangi iwe moja, tegemeza vipande kwa mpira wa kufungia au kwa udongo wa kuchezea watoto, na uache mpaka kesho yake. Haraka haraka haina baraka, na aliyeusema msemo huo angeweza kuwa fundi wa vijisanamu.

Usalama wa mwili

Ndugu walaji, kijisanamu kilichoharibika hununuliwa kingine. Jicho halinunuliwi. Twaomba mlisikilize fungu hili kwa makini kuliko mengine yote.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inataka kifungashio cha gundi ya sianoakrileti kiwe na onyo kwamba ni hatari, kwamba hugandisha ngozi na macho kwa sekunde, na kwamba iwekwe mbali na watoto. Onyo hilo halikuandikwa kwa mapambo. Madaktari wa macho katika nchi mbalimbali wameripoti tena na tena juu ya watu waliojidondoshea gundi jichoni wakidhani ni dawa, kwa sababu chupa zake hufanana: ndogo, nyeupe, zenye mdomo mwembamba. Basi gundi isiwekwe kamwe katika kabati la dawa, wala kando ya kitanda, wala ndani ya mkoba mmoja na dawa ya macho.

Gundi ikiingia jichoni, mwoshe mtu huyo jicho kwa maji mengi ya uvuguvugu, lifunike kwa kitambaa safi chenye maji, na umpeleke hospitali mara moja. Kope zikiwa zimeshikamana usizifungue kwa nguvu, na usitie kemikali yoyote. Mwachieni daktari kazi hiyo.

Vidole vikigandana, msivivute. Viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha uviachanishe polepole kwa kuviringisha mpini butu wa kijiko kati yake. Asetoni, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha, nayo husaidia juu ya ngozi nzima ya mkono, lakini ni mwiko karibu na macho, mdomo au jeraha. Midomo ikigandana, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu na kuiacha mate yafanye kazi kutoka ndani, bila kuitenga kwa nguvu.

Lipo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Supaglu ikimwagikia pamba au kitambaa cha pamba, huweza kupata joto kali ghafla, kiasi cha kuunguza ngozi. Kwa hiyo usiifute kwa pamba, wala usivae glavu za pamba unapoitumia. Kwa epoksi vaa glavu za nitrili, kwani ile ambayo haijakauka huwasababishia baadhi ya watu upele na mwasho, na aliyekwisha kupatwa nao huweza kurudiwa kila anapoigusa. Kwa gundi zote, fungua madirisha. Ile ya plastiki hushika moto upesi, kwa hiyo isitumiwe karibu na jiko, mshumaa wala sigara.

Dukani na nyumbani

Unaponunua, soma kifungashio. Tafuta jina la gundi na la mtengenezaji, maada inazofaa, onyo la usalama na tarehe ya mwisho ya matumizi ikiwepo. Neno kubwa linalodai kwamba gundi inashika kila kitu lisikutoshe. Geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Pakiti isiyo na maelezo yoyote iache palepale, hata ikiwa rahisi.

Nunua kidogo. Kazi ya vijisanamu hula matone, na supaglu iliyofunguliwa huanza kuzeeka siku hiyohiyo. Mirija midogo kadhaa, inayofunguliwa mmoja mmoja, mara nyingi huwa nafuu mwishoni kuliko chupa kubwa itakayogandia ndani kabla haijafika nusu. Baada ya kutumia, futa mdomo wa chupa, funga kwa nguvu, isimamishe wima, na uihifadhi mahali pakavu, pasipo joto, palipofungwa kwa ufunguo ikiwa nyumbani kuna watoto.

Tunza risiti ya kijisanamu na ya gundi pia. Mali bila daftari huisha bila habari, na dai lisilo na risiti huisha vivyo hivyo. Ikiwa umeagiza kutoka nje ya nchi, hifadhi na maelezo ya bidhaa kama yalivyoandikwa siku uliyonunua, hasa pale yanapotaja maada, kwa maana aliyeuziwa resini akiambiwa ni plastiki amenunulishwa pia gundi isiyomfaa.

Tuhitimishe tulipoanzia. Shika kipande mkononi, ukijue. Kisha chagua gundi yake, kioshe, kikwaruze, na palipo na uzito utie pini. Ukifanya hivyo utatumia fedha kidogo na gundi kidogo, na kitu ulichokiunga kitadumu. Na usiku, kabla ya kuzima taa, ile chupa uirudishe mahali pake, mbali na dawa na mbali na mikono midogo.